Kiyoyozi Ulichokitengeneza Kikapona

Jeremia Ntabaye,
Karani Mstaafu wa Reli,
Mwanga, Kigoma.
15 Septemba 2025

Kwa Fundi Samson,
Gereji ya Viyoyozi vya Magari,
Mwanga, Kigoma.

Ndugu Fundi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KIYOYOZI CHA GARI LANGU KUFANYA KAZI

Pokea salamu zote anazostahili mtu aliyeharibu maisha ya mwenzake kwa kazi safi. Mimi ni mzima, mke wangu Melania ni mzima kupita kiasi, na gari ni zima. Hilo la tatu ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nilikaa stesheni miaka thelathini na moja nikijibu barua za malalamiko. Nimejibu kuhusu mizigo iliyochelewa, masanduku yaliyolowa, na mbuzi aliyeshushwa Tabora wakati tiketi yake ilisema Kigoma. Sijawahi kupokea hata barua moja ya mtu anayelalamika kwamba kitu chake kimetengenezwa vizuri. Nadhani watu wa namna hiyo wapo, ila wanaumia kimya kimya. Mimi nimeamua kusema.

Kwa faida ya yeyote atakayeisoma barua hii baada yako, nieleze kwamba gari ninalolizungumzia ni Toyota Carina, rangi ya maziwa, na kwamba kiyoyozi chake, ambacho wewe na vijana wenzako mnakiita eisii, kilikufa miaka tisa iliyopita. Hatukukililia. Tulishusha vioo vyote vinne tukaendelea na safari zetu. Upepo ulivuma, vumbi liliingia, mlango wa nyuma ulipiga kelele, na sisi tulifika tulikokuwa tunakwenda tukiwa na amani. Sasa sikiliza uliyoyafanya.

1. Umetengeneza bila idhini ya maandishi

Mwezi Julai nilikwenda Kasulu kwenye kikao cha ukoo, siku nne tu. Niliporudi nilikuta gari limeoshwa, na juu ya kiti changu kuna kifurushi cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na chujio la hewa ulilolitoa nyuma ya droo ya mbele. Uliniwekea pale kama daktari anavyomwonyesha mgonjwa jiwe alilomtoa kwenye figo. Niliona magamba ya dagaa, manyoya ya kuku, vumbi jekundu la kutosha kukandika ukuta, na nusu ya mjusi.

Melania, ambaye ndiye aliyekuita, alinisomea orodha ya matendo yako kwa furaha isiyomstahili mke wa mtu aliyetoka safari. Eti umeosha kondensa, ule wavu wa kupozea gesi ulio mbele ya injini, uliozibwa na wadudu. Eti umebadilisha raba za kwenye maungio zilizokauka na kuvujisha gesi. Eti umeweka mafuta mapya ya kompresa, kisha umejaza gesi kwa kuipima kwenye mzani. Nani alikutuma upime? Fundi wa kabla yako alijaza kwa kukisia, akatupa baridi ya wiki mbili, halafu akatuacha turudi kwenye maisha yetu. Yule alijua mipaka ya kazi yake.

2. Umenitenga na jamii

Kiyoyozi kinataka vioo vipandishwe. Vioo vikipanda, mtu ndani haonekani vizuri na wala hasikii. Siku ya pili tu nilipita kwa mama Scola, anayeuza ndizi mbivu pale njia panda, mwanamke tuliyesalimiana kwa Kiha kila asubuhi tangu nilipostaafu. Yeye akasema "Mwakeye," nami nikapita kama waziri. Kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Mzee Jeremia amepata pesa za urithi Kasulu na hasalimii tena. Nilimfuata kwa miguu kumweleza kwamba ni kiyoyozi. Akanijibu, "Hata hicho kiyoyozi kimekukuta na kiburi chako." Nimenunua kwake mikungu miwili ambayo sikuihitaji.

Hilo ningekusamehe.

3. Umenifanya nimsikie mke wangu

Hapa ndipo penye kesi, kwa hiyo nakuomba uketi.

Kila Jumanne nampeleka Melania Kibirizi kununua dagaa wa kuuza sokoni. Miaka tisa tumekwenda hivyo. Njiani yeye huongea, mimi huitikia "Eh." Kwa kelele ile ya upepo sikuwa napata neno hata moja, lakini ndoa yetu ilikuwa nzuri, na sikuona sababu ya kuichokoza.

Jumanne ya kwanza baada ya kazi yako, vioo vilikuwa juu, hewa inatoka taratibu kama pumzi ya mtoto aliyelala, na kimya kilikuwa cha hospitali. Tukiwa tunateremka kuelekea ziwani, nilisikia sauti ya mwanamke ikisema waziwazi, "Kikohozi cha Yunisi kimepona, ila Frida anasema bado hali chakula vizuri."

Nilishtuka, nikamuuliza, "Yunisi yupi?"

Melania akanigeukia. "Mjukuu wako."

Fundi, lazima nikueleze jambo la familia ambalo usingelijua kama ungekaa mbali na raba zangu. Frida ni binti yetu wa pekee. Miaka minne iliyopita kijana mmoja wa Ujiji aitwaye Zubery, muuza spea za injini za boti, alileta barua ya posa. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari. Haikuwa na tarehe. Haikuwa na kichwa cha habari. Jina langu lilikosewa mara mbili, kila mara kwa namna tofauti. Nikaisahihisha kwa wino mwekundu, nikamrudishia mshenga ili irekebishwe. Haikurudi. Baada ya miezi miwili nikasikia wamefunga ndoa bomani. Mtaani walisema nilikataa kwa sababu ya dini. Huo ni uzushi, maana nimekula pilau za Idi Ujiji tangu kabla Zubery hajazaliwa. Mimi nilikataa kwa sababu ya tarehe. Tangu siku hiyo sikukanyaga kwao, na nilitangaza nyumbani kwamba habari zao zisifike masikioni mwangu.

Sasa nikamwambia Melania, "Nilikataza habari hizi."

"Ulikataza ndani ya nyumba," akasema. "Mimi nimekuwa nakwambia ndani ya gari."

"Lini?"

"Kila Jumanne. Nilikuuliza kama naweza kwenda kumwona akijifungua, ukasema eh. Nilikuuliza kama mtoto apewe jina la marehemu mama yako, ukasema eh. Nikakuuliza tena kuhakikisha, ukasema eh, eh. Ndipo akaitwa Yunisi. Ana miaka mitatu."

Nilisimamisha gari kando ya barabara. Bodaboda wakanipigia honi. Marehemu mama yangu alikuwa Yunisi, na sikujua kwamba kuna mtu mwingine duniani anayeitikia jina hilo kwa sababu yangu. Nilikaa pale nikitazama matundu ya hewa, na hewa ikaendelea kutoka, baridi, kama vile haijafanya kitu.

Nilielewa pia jambo jingine. Kwa miaka minne Melania amekuwa akipanda bajaji kwenda Ujiji kununua mawese. Nilikuwa nikijiuliza nyumba ya watu wawili inamaliza vipi mawese yote yale, lakini kwa ustaarabu nilinyamaza.

4. Umetoa masharti yasiyo na mpaka

Uliacha karatasi kwenye dashibodi, imeandikwa kwa mkono wako: "Masharti ya kutunza AC." La kwanza linasema tusiwashe papo hapo gari likitoka juani, tushushe vioo kwanza hewa ya moto itoke. Sina ugomvi nalo. La pili linasema kiyoyozi kiwashwe walau dakika kumi kila wiki, hata mvua zikianza, ili mafuta yazunguke na raba zisikauke tena.

Melania aliisoma karatasi hiyo kwa makini kuliko anavyosoma maandiko. Jumapili baada ya ibada akasema, "Leo dakika kumi hazijafanyika." Nikamwambia za Jumanne zinatosha; akasema karatasi imeandika "walau", basi nikamwambia tuzunguke kidogo. Akanionyesha kwa hesabu kwamba ukielekea bandarini, dakika ya nne uko majini. Ukizunguka sokoni unasimama kila hatua, na fundi hakusema tusimame. Barabara pekee inayotoa dakika kumi zilizonyooka, akasema, ni ya Ujiji. Niliipima kwa saa yangu ya kazi. Kutoka getini kwetu mpaka kwenye baraza la duka la Zubery ni dakika kumi kamili. Sijui mlikubaliana nini wewe na Melania, lakini hesabu kama hiyo haitokei hivi hivi.

Nilikataa. Nilimwambia siwezi kuongozwa na kipande cha karatasi kisicho hata na tarehe.

Melania akaichukua ile karatasi yako, akaigeuza mbele na nyuma. "Kweli, haina tarehe," akasema. "Lakini hii nayo umeifuata mwezi mzima."

Fundi, ulishindwa nini kuandika tarehe? Neno moja na namba mbili. Ungeniokoa.

5. Kivuli

Sharti lako la tatu linasema gari liegeshwe kivulini. Mchana wa Agosti mtaa ule wote wa Ujiji ni jua tupu, isipokuwa mbele ya duka la Zubery, ambako baraza lina paa la bati lililotokeza. Niliegesha pale kwa sababu yako. Melania akaingia ndani kwa Frida. Mimi nikabaki garini, vioo juu, injini ikiunguruma, kiyoyozi kikifanya kazi, nikasoma gazeti. Nilifanya hivyo Jumapili tatu. Kila Jumapili Zubery alitoka, akasimama kwa adabu kando ya kioo, akatikisa midomo. Nilijua anasema shikamoo. Nilijua pia kwamba sisikii, kwa hiyo sikuwa na la kujibu. Hilo ndilo jambo jema pekee ambalo kiyoyozi chako kimewahi kunifanyia.

Jumapili ya nne akatoka tena, lakini safari hii akagonga kioo. Nikageuza ukurasa. Akagonga kwa nguvu, akaonyesha kwa kidole. Nikatazama dashibodi, nikaona mshale wa joto umepanda mpaka kwenye mstari mwekundu. Nilishusha kioo.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Zima kiyoyozi, halafu zima injini. Inachemka."

Nikazima. Akafungua boneti, akainama, akachungulia mbele ya kondensa. Kulikuwa na kipande cha mfuko wa salfeti kilichonaswa njiani na kujibandika pale kama plasta, hewa haipiti. Akaingiza mkono bila kungoja injini ipoe, akakivuta. Nilimsikia akivuta pumzi kwa meno. Alipoinuka, vidole vyake viwili vilikuwa vimebabuka, naye akavificha nyuma ili nisivione.

"Ungeendelea robo saa ungeua injini," akasema. "Sasa acha ipoe. Karibu ndani, mzee."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba bado sijaitikia salamu yake. Nikasema, "Marahaba." Ilitoka imekwaruza, maana ilikuwa imekaa kooni miaka minne.

Nilishuka garini kwa sababu ndani kulikuwa na joto. Naomba iandikwe hivyo. Nilishuka kwa sababu ya joto.

Frida alikuwa mlangoni. Alikuwa amemshika mkono mtoto mwembamba mwenye paji la uso la mama yangu, pana, la mtu anayekuhukumu. Mtoto hakunitazama mimi. Alichuchumaa, akatazama chini ya gari, ambako maji ya kiyoyozi yalikuwa yamedondoka na kufanya kidimbwi.

"Babu," akasema, "gari lako limekojoa."

Frida akaziba mdomo. Zubery akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mimi ni mtu mzima, nimeshika madaraka, na sikuona pa kucheka. Nikachuchumaa na magoti yangu haya, nikamweleza mtoto kwamba hayo si mkojo. Nikamwambia hewa ya Ujiji ina maji ndani yake, maji hayaonekani, na hewa ikipita mahali pa baridi inayatema, kama kikombe cha maji ya friji kinavyotokwa jasho. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Sasa kwa nini halikwenda chooni?"

Tulirudi nyumbani saa kumi na moja jioni. Maelezo yalikuwa marefu.

6. Matokeo

Sasa nimebaki mtu wa ajabu. Nilikuwa na hasira yangu, nimeitunza vizuri miaka minne, kavu, haina kutu, naitoa nikiihitaji. Siku hizi naitafuta siioni. Kila Jumapili nalishwa samaki wa migebuka kwa wali na kuulizwa kama inatosha. Yunisi anakaa kiti cha mbele juu ya mapaja ya bibi yake na kunielekezea matundu ya hewa usoni. Nimeshikwa na mafua mara mbili.

Na hilo si baya kuliko yote. Wiki mbili zilizopita Zubery aliniletea bahasha kutoka kwenye faili la duka. Ilikuwa barua ya posa. Siyo ile niliyoisahihisha, bali nakala safi aliyoiandika upya wiki ile ile niliyoirudisha. Karatasi nyeupe, tarehe juu kulia, kichwa cha habari kimepigiwa mstari, jina langu sahihi, aya zimepangwa. Nikamuuliza kwa nini hakuileta.

"Niliileta, mzee," akasema. "Nilikuja na mshenga. Tukabisha hodi mpaka jirani akatoka. Ulikuwa umekaa ukumbini, tulikuona dirishani. Hukufungua."

Ni kweli. Nakumbuka mchana ule. Nilidhani wamekuja kuomba radhi kwa maneno matupu, nikasema acha wangoje kidogo. Walingoja, wakaondoka, na mimi nikabaki nimekaa.

Niliisoma barua yote mbele yake. Haina kosa. Nilitafuta, Fundi. Niliisoma mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na kalamu haikupata pa kushuka. Kwa mujibu wa taratibu, barua iliyokamilika haiwezi kukaa bila majibu, kwa hiyo nimelazimika kumjibu kwa maandishi, kwamba ombi lake la kumuoa Frida limepokelewa na kukubaliwa. Muombaji ana mtoto wa miaka mitatu. Katika miaka yote ya stesheni sikuwahi kuchelewesha jibu namna hiyo. Barua hiyo ya majibu Frida ameiweka kwenye fremu. Sitaki hata kuizungumzia.

Kwa sababu hizo zote, nakutaka katika siku saba tangu upate barua hii ufanye yafuatayo: uitoe gesi yote na kuirudisha kwenye mtungi wako, uzirudishe raba zilizokauka mahali pake, ulirudishe chujio la zamani na magamba yote ya dagaa, ingawa kuhusu mjusi sitashikilia, na umwandikie Melania, kwa barua yenye tarehe, kwamba habari ya dakika kumi ilikuwa makosa ya kalamu. Nataka gari langu lirudi lilivyokuwa. Nataka kelele zangu.

Wasalimie mafundi wote hapo gereji, mkeo Honorata na watoto, na yule mzee anayechomelea masufuria jirani yako. Mwambie vioo vikiwa juu simwoni, ila simchukii.

Ni mimi ninayelalamika kwa dhati,

Jeremia Ntabaye

Nakala: Melania Ntabaye, hapa hapa nyumbani (kwa taarifa tu, siyo kwa majadiliano).

Nyongeza baada ya sahihi: Kabla hujaja kwangu, pita kwanza Ujiji. Zubery ana Probox ya kubebea spea, kiyoyozi chake kimekufa siku nyingi. Jana alituchukua nayo kwenda ufukweni, vioo vyote chini, yeye na Frida mbele, mimi na Melania na mtoto nyuma. Njiani Frida alimwambia kwamba ile ni siku ya tatu anaamka akitapika, na kwamba anadhani Yunisi atapata mwenzake. Zubery akamjibu kwamba mafuta yapo ya kutosha. Nilisikia kwa sababu nilikuwa nyuma ya kiti cha binti yangu, nimeinama. Frida hakurudia. Akatazama nje upande wa ziwa mpaka tukafika. Nenda ukamtengenezee leo, uache kazi nyingine zote. Badilisha kila raba, na gesi uipime kwenye mzani. Usimwambie nani kakutuma. Langu usiliguse.